Vitabu 140 chini ya kitanda



Ukikaa na mtu aliyetoa kitabu hapa kwetu Bukavu, dakika tano hazipiti utasikia: «Wakongomani hawasomi.» Hiyo ndiyo dua yetu waandishi. Tunaisema kwenye mikutano, tunaisema tukinywa chai Nyawera, tunaisema hasa siku ile duka la vitabu limeturudishia karatoni. Mimi pia niliisema miaka miwili mizima. Leo nataka kuwaeleza kwa nini niliacha, na kwa hiyo itanibidi niwaonyeshe hesabu yangu yote, hata ile inayonipa haya. Wengi kati yenu mko na TFC nzuri, mashairi kwenye simu, riwaya iliyofika nusu. Siku moja mtataka kuchapisha. Bora mjue njia inavyopita.

Kitabu changu kina hadithi nane, kurasa 160, kwa Kiswahili chetu cha huku. Kuna mama anayeuza sambaza Kadutu, kuna nahodha wa boti ya Goma, kuna mwalimu anayengoja mshahara. Nilikiandika kwa miaka mitatu, usiku, wakati umeme ulipokuwepo.

Nilipomaliza, nilifanya kama kila mtu: nikatafuta mchapishaji. Nyumba moja ya ng'ambo ilinijibu baada ya wiki mbili tu. Nilifurahi mpaka nikaita jirani. Halafu nikasoma mkataba. Kumbe haki zangu zote ziende kwao miaka 10. Mimi nianze kupata asilimia yangu baada ya nakala 500 kuuzwa. Na ili kitabu kitoke, nianze kununua nakala 50 mimi mwenyewe, kwa euro, na kulipia usafiri. Hakuna mahali walipoandika watafanya nini ili kitabu kiuzwe.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo wengi wanaangukia. Kuna aina mbili za kuchapisha. Kuna kuchapisha kwa gharama ya mchapishaji: yeye anasoma, anasahihisha, anapanga kurasa, anachapa, anasambaza, anabeba hasara, wewe unapata asilimia fulani ya bei, mara nyingi karibu 10, wakati mwingine chini ya hapo. Na kuna kuchapisha kwa gharama ya mwandishi: wewe unalipa kila kitu, basi kitabu na faida vinapaswa kuwa vyako. Zote mbili ni halali. Mkataba mbaya ni ule unaochanganya: unalipa kama mwenye kitabu, halafu unapewa asilimia kama mgeni. Wangapi wamesaini huo kwa sababu tu jalada litaandikwa jina la mji wa Ulaya?

Sikusaini. Lakini sikuwa pia na mchapishaji wa karibu. Nyumba zipo nchini, tuseme ukweli: Médiaspaul wapo Kinshasa na Lubumbashi, vyuo vikuu viwili vikubwa vina matbaa zao. Lakini nyingi zinatazama vitabu vya dini, vya shule na vya sayansi. Hadithi za muuza sambaza, kwa Kiswahili, za mtu asiyejulikana? Jibu nililopata lilikuwa la heshima: walete mfadhili.

Basi nikaamua kulipa mwenyewe. Dada yangu mkubwa alikuwa anapokea likelemba mwezi ule. Alikuwa amepanga kununua friji ya biashara, auze maji baridi na sukre. Akanikopesha dola 900. Mimi nikaongeza 320.

Hesabu ni hii. Kupanga kurasa na kutengeneza jalada, dola 120. Kuchapa nakala 300, dola 3 kila moja, jumla 900. Nilichapia Kampala, Nasser Road, ile barabara ya wachapaji. Hapa mjini bei niliyopewa ilikuwa karibu mara mbili, na mwenye mashine alinieleza sababu bila kuficha: karatasi inatoka nje, wino unatoka nje, mashine ikifa fundi anatoka nje, na umeme ukikatika ni jenereta. Usafiri wa basi, dola 90. Kitabu kimoja si kitu mkononi, lakini 300 ni zaidi ya kilo 60. Halafu mpakani dola 110. Niliambiwa ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Nilijaribu kueleza kwamba ulimwengu una makubaliano ya UNESCO ya Florence ya 1950, ya kuacha vitabu vipite bila ushuru. Yule kijana aliniangalia kwa huruma. Dola 110 zile zilikuwa na risiti ya 40, zingine ni matabishi tu.

Jumla: dola 1,220. Kwa hiyo kila kitabu kilifika nyumbani kikiwa kimenila kama dola 4, kabla sijauza hata kimoja. Nikaweka bei ya dola 10. Nilifikiri ni bei ya haki.

Sasa tufike kwenye ubatizo. Ndugu wa nchi jirani watashangaa, lakini sisi tunajua: kwetu kitabu hakizinduliwi tu, kinabatizwa. Unakodi sala, unatafuta sono, protokoli, maua, profesa wa kueleza kitabu, mheshimiwa wa kukaa mbele. Na hasa unatafuta baba wa ubatizo, mtu mwenye nafasi, atakayenunua nakala ya kwanza kwa bei kubwa mbele ya watu wote ili wengine waone aibu kutoa kidogo. Si jambo baya. Ni akili ya watu ambao hawana benki ya kukopesha vitabu. Ni kama mchango wa ndoa. Waandishi wengi hapa, pesa pekee watakayoiona ni ya siku ile.

Siku yangu ilikuwa Jumamosi ya Novemba 2022. Sala ilijaa. Baba wa ubatizo alisimama, akatangaza dola 200, makofi, mama zangu wakapiga vigelegele. Mkononi alitoa 50. Zile 150 «nitakutumia kwa simu». Bado nazingoja, na sitamtaja, kwa sababu alikuja wakati wengine hawakuja. Tuliuza nakala 55 pamoja na yake, dola 590. Sala, sono, sukre, Primus na sambaza za kukaanga vilikula 310. Watu walikula vizuri. Wengi walitoka na picha wakiwa wameshika kitabu, halafu wakakirudisha juu ya meza.

Baada ya hapo ndiyo nikakutana na ugonjwa mwingine: zawadi. Mtu unasoma naye miaka mitano, anakupigia: «Felicitations! Ya kwangu iko wapi?» Mchungaji, mjomba, profesa aliyekusimamia, kiongozi wa kata. Huwezi kumwambia mjomba alipe. Nakala 41 zilikwenda hivyo. Naomba mniruhusu neno moja kwa wenzangu wahitimu: rafiki yako akifungua duka la mikate, hauendi kumwomba gunia la unga kama ishara ya urafiki. Unanunua mkate. Nyingine 9 zilikwenda kwenye nakala za lazima za Maktaba ya Taifa huko Kinshasa na kwa watu wa redio.

Na maduka. Niliweka nakala 60 katika maduka matatu. Mpango unaitwa kuacha mali: duka halinunui, linapokea tu, kitabu kikiuzwa linakata 40 kwa 100, linakupa zinazobaki. Kwa bei yangu, hiyo ni dola 6 kwangu, toa 4 za gharama, faida ni 2. Nilirudi baada ya miezi minane. Duka moja liliniambia: «Kaka, vitabu ya wandishi ya hapa haitembeake. Batu banakuyaka kuomba kaye, kalamu na Biblia.» Walinirudishia zote. Duka la pili liliuza 11 na likalipa, Mungu awabariki. La tatu lilikuwa limebadilisha mwenye kazi. Yule mpya hakujua vitabu vyangu, hakuna karatasi, na 15 zilikuwa hazipo. Kosa langu: nilipoziacha sikuomba risiti, kwa sababu yule wa kwanza tulisali naye.

Lakini nisiwe mwongo. Nilikaa na mwenye duka la kwanza, nikamwuliza mambo yake. Analipa pango kwa dola. Vitabu anavyouza ni vya shule, msimu wake ni Septemba na Oktoba. Kitabu changu kinakaa kwenye rafu miezi minane kinashika vumbi mahali ambapo angeweka kaye zinazotoka kila siku. Hakuna msambazaji mkubwa anayemletea vitabu vya nchi hii vyote kwa pamoja. Kila mwandishi anakuja mwenyewe na mfuko wa plastiki, na nakala tano, na malalamiko. Ningekuwa yeye, labda ningefanya vilevile.

Ndiyo maana nasema kitabu kwetu hakifi kwa mwandishi, wala hakifi kwa msomaji. Kinafia katikati, kwa sababu katikati hakuna mtu. Kutoka hapa mpaka Kinshasa ni karibu kilomita 1,500 angani na hakuna barabara ya kuaminika. Mwenzangu wa Kisangani au Mbuji-Mayi akitoa kitabu, nitakijua kwa picha ya simu tu. Kitabu cha Paris kinanifikia haraka kuliko cha Kananga.

Angalieni majina yetu makubwa. Mudimbe, riwaya yake ya kwanza ilitoka Paris 1973. Bofane na Fiston Mwanza Mujila, 2014, vyote viwili Ufaransa. Siwalaumu hata kidogo; wameheshimisha nchi. Ila vitabu vyao vinarudi kwetu na bei ya euro, na mwanafunzi wa Lubumbashi alikozaliwa Mujila anahesabu kwanza chakula cha mwezi. Na huko huko Lubumbashi kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1965 bwana mmoja, André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani wa Wazungu, aliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili chao. Ilipigwa taipu, ikatolewa nakala chache, basi. Haikuwa na mchapishaji wala duka. Ingepotea. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliitoa kama kitabu huko Amsterdam, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na sasa inasomwa katika vyuo vya dunia. Miaka 25 ili historia ya boyi wa Elisabethville ipate jalada, na jalada lenyewe la Ulaya!

Halafu kuna mfano unaokwenda kinyume: Zamenga Batukezanga, aliyefariki 2000. Wazazi wetu wengi walimsoma. Vitabu vyake vilikuwa vidogo, vyepesi, vya bei ya mfukoni, na vilitolewa Kinshasa na Saint-Paul Afrique, nyumba ya wamisionari wenye maduka yao na njia zao za kufika mbali. Wakongomani walewale wanaoitwa hawasomi walimsoma mpaka kurasa zikachanika. Hakuwa mwandishi mgumu, na maprofesa wengine walimdharau. Lakini kitabu kilikuwa karibu na bei ilikuwa ya mtu.

Nilikuwa nayajua hayo yote kichwani. Nikayaamini mwanzoni mwa 2024, kwa njia ya kuudhi.

Mdogo wangu wa chuoni alinionyesha hadithi yangu, ile ya mama wa sambaza, imetolewa fotokopi, imekunjwa katikati, imebanwa na pini mbili. Jina langu halikuwepo. Nikauliza: umetoa wapi? Akanitajia kibanda kimoja karibu na chuo, kile cha kupiga taipu na fotokopi, ambapo wanafunzi wananunulia silabusi. Nilishuka na hasira. Nilikuwa nimejiandaa: Sheria nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inakataza kutoa kazi ya mwandishi bila ruhusa yake, nilikuwa nayo kwenye simu, nimesha-paka rangi ya manjano kwenye vifungu.

Mama mwenye mashine alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: «Ni weye njo uliandika? Ikala basi. Ile ya mama wa sambaza iko inatembea sana. Tangu mwezi wa kwanza nimeshatosha kama makumi sita.»

Sitini! Kwa miezi miwili na nusu. Maduka yangu matatu yaliuza 11 kwa miezi minane.

Nikakaa. Akanieleza soko lake, na hiyo ndiyo semina bora ya uchapishaji niliyowahi kuhudhuria. Kitabu kizima kwa fotokopi kingetoka franga 8,000, wanafunzi wanakataa. Dola 10 zangu, wakati ule karibu franga 28,000, hawazizungumzii hata. Lakini hadithi moja ni karatasi tano, franga 1,000, na mtu yuko na 1,000 leo, kesho hana. Wananunua wakiwa kwenye mstari wa silabusi. Nani alianza? Mwanafunzi mmoja aliyekopa kitabu kwa profesa wangu. Kwa hiyo ile zawadi ya bure ndiyo iliyoleta uharamia, na uharamia ndio ulioleta wasomaji. Mniambie ninyi wanasheria ni nani wa kushtaki.

Ningeweza kumpeleka mbele. Wapi, na kwa pesa ya nani? SOCODA ipo tangu 2011 kwa ajili ya haki za waandishi, lakini huku tunaisikia zaidi habari za wanamuziki, na kesi ya franga 60,000 ingenila mara kumi. Tukaandikiana karatasi, safari hii na sahihi. Yeye anatoa hadithi moja moja, na jina langu, na namba ya simu nyuma. Bei 1,500. Yake 1,100, yangu 400. Kila Ijumaa ananitumia kwa simu na idadi. Hajawahi kukosa. Kati ya wote waliowahi kushika kitabu changu, mwizi wangu ndiye pekee anayelipa kwa tarehe.

Mpaka mwisho wa 2024 alitoa 212. Kwangu ni franga 84,800, karibu dola 30. Najua mtacheka. Lakini ile namba ya nyuma ilianza kulia. Watu waliosoma hadithi moja walitaka saba zingine. Nikashusha bei ya kitabu kizima kuwa dola 5, maana wakati ule nilikuwa bado na 140 chini ya kitanda baada ya kuuza zingine 29 mkono kwa mkono kwa bei ya kubembelezana. Kwa njia ya simu nikauza 44. Zingine nilizituma Uvira na dereva, mmoja alikuja kuchukua nyumbani na mvua.

Halafu ikafika Februari 2025, mnajua wenyewe. Uwanja wa Kavumu ulifungwa, benki zikafunga milango, watu wakahesabu unga kwanza. Kibanda kilifungwa wiki kadhaa, kikafunguka tena. Mama yule alinipigia kuuliza kama bado niko mjini, na kama nina hadithi mpya fupi, kwa sababu watu wakikaa ndani wanasoma.

Kama unakaribia kutoa kitabu chako, haya njo ningependa mtu angeniambia mwaka 2022. Chapa nakala 100, si 300; bei ya moja itapanda kidogo, lakini panya na unyevunyevu watakula kidogo pia. Soma mkataba mpaka mwisho, uliza ni miaka mingapi, ni nani analipa nini, na haki zinarudi lini kwako. Usiache hata nakala moja dukani bila karatasi. Kwenye ubatizo, ahadi iandikwe kwenye daftari na mtu wa protokoli asimame hapohapo na simu. Na kabla ya kuchapa, nenda usimame nusu siku kwenye kibanda cha silabusi uone watu wanatoa franga ngapi mfukoni na kwa karatasi ngapi.

Vitabu vilivyobaki ni 96. Nimevitoa chini ya kitanda, nimeviweka ndani ya bidoni kubwa ya plastiki juu ya matofali, baada ya mchwa kuonja kona ya karatoni moja. Dada yangu bado ananidai dola 130. Friji alinunua ya mkono wa pili, anauza maji, na kwenye kioo cha mlango amebandika jalada la kitabu pamoja na bei.